Kisanduku Kisichokufa na Mnara

Nyumbani, Jumanne, 2 Juni

Mnara umelala tena, na mji mzima unajua kwamba wewe ndiye utakayeuamsha!

Haya, sasa salamu. Hujambo, mwanangu? Mimi sijambo, ila magoti, na magoti ni yangu mwenyewe, sina wa kumshitaki. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu tangu Ijumaa imekuwa kioo cha kujitazamia. Mara ya mwisho ulisema, "Mama, nimekabidhiwa kuchagua kisanduku cha minara yote," halafu ukakatika. Nikabaki nasema haloo, haloo, na mteja amesimama na kitambaa chake mkononi. Nikamgeukia, umesikia? Minara yote! Si mmoja, si miwili. Yote ile isiyokaliwa na mtu, kampuni imempa mwanangu achague.

Kwa hiyo nimebadilisha kibao cha duka. Cha zamani kilisema Ushonaji tu, kama vile nina kitu nakificha. Sasa kinasomeka USHONAJI WA MAMA FUNDI MITAMBO, kwa rangi nyekundu, na mtu anakisoma tangu kwenye foleni ya bomba. Baba yako mdogo amesema najitangaza mno. Nikamwambia, shemeji, siku wa kwako akipewa kuchagua hata kamba ya kuanikia nguo, nitakuja kukushikia brashi.

Barua hii anakuletea dereva wa gari la dizeli, yule anayejaza tangi la mnara Jumanne na Ijumaa kisha anarudi ofisini kwenu. Mimi namwita Kimya, na sasa wote wanamwita hivyo. Anaongea kama vile maneno yanakatwa kwenye mshahara wake. Simwamini sana. Nilipompa bahasha aliigeuza akaitazama gundi. Kwa nini mtu atazame gundi?

Sasa nieleze hicho kisanduku kinafanya nini. Watu wananiuliza dukani, nami nawajibu ni mambo ya kitaalamu, halafu nainamia cherehani. Ni aibu. Usiniache hivyo.

Mama yako mzazi, aliyekupa bisibisi kabla hujajua kushika kijiko


Ofisini, Alhamisi, 4 Juni

Shikamoo, mama.

Kibao? Tena chekundu? Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya mbele akaniuliza kama naumwa.

Nakueleza, tena kwa barua, maana mnara wenu safari hii unangoja kifaa na hautaamka karibuni. Ndani ya uzio wa mnara kuna kibanda cha bati. Humo mna mitambo na betri, na nje kuna jenereta. Mtu hakuna. Mitambo ikiganda, dawa yake mara nyingi ni kuizima na kuiwasha, basi. Lakini ili izimwe na kuwashwa, fundi anakaa garini nusu siku kuja huko kwenu, anabonyeza swichi moja, anarudi. Kisanduku tunachokitafuta kinakaa kibandani na kubonyeza swichi hiyo mimi nikiwa hapa mezani. Kinaniambia pia betri zimebakiza nguvu kiasi gani, dizeli imeshuka wapi, mlango umefunguliwa saa ngapi. Na betri zikikaribia kuisha, kinazima vya anasa kwanza, cha kupigia simu kinabaki mwisho.

Wauzaji watatu wameleta vyao. Mimi naviita kwa rangi. Cheupe kinataka umeme wa ukutani, na mitambo yetu inakula umeme wa betri, kwa hiyo itabidi tukiwekee kigeuzi katikati, yaani kitu kingine cha kuharibika. Chekundu ni kizuri, kina skrini, na muuzaji wake anaongea kama mshenga. Cha kijivu hakina sura kabisa, utadhani kopo la rangi.

Lakini swali langu ni moja. Chekundu kinaongea na ofisi kupitia mnara uleule kinaoulinda. Mnara ukilala, nacho kimelala. Ni sawa na kuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga. Mimi nataka kisanduku kisichokufa na mnara, chenye njia yake ya pili, laini ya mtandao mwingine unaonaswa na antena ndefu kutoka ng'ambo ya bonde.

Wauzaji hawajui nitawapima vipi. Tarehe 15 tutavifunga vyote vitatu kwenye mnara wenu, halafu nitaagiza kebo inayounganisha mnara na ofisi ichomolewe ghafla nione kipi kitaniitika. Muuzaji wa chekundu akijua mapema atabandika laini ya kuazima kwa siku hiyo tu, kitapita, kisha minara mia itabaki na skrini nzuri na usingizi mzito.

Hili libaki kati yetu, mama. Hata bosi wangu sijamwambia siku ya kebo.

Binti yako


Nyumbani, Jumanne, 9 Juni

Mwanangu fundi,

Barua yako imeingia kama maji ya bomba yaliyokatwa wiki nzima. Siku hizi nikiulizwa sinyamazi. Benchi zima la dukani linakusalimu, muuza vitambaa, mke wa mwalimu, fundi viatu wa mlangoni. Wamefurahi mno kwa habari zako, na sasa hata fundi viatu anajua umeme wa ukutani ni mwingine na wa betri ni mwingine. Siri yako nimeifunga fundo.

Sasa nikuulize kitu, usinifiche, mimi si polisi. Kuna mwanamume?

Nauliza kwa sababu Jumatano iliyopita alikuja mtu na suruali ya kupindwa. Mgeni. Viatu vyake, mwanangu, unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Barabara yetu hii ya vumbi na yeye viatu safi, sijui anatembea juu ya nini. Nikampinda suruali, akakaa benchini kungoja. Hasemi mengi, anasikiliza. Mwanamume anayesikiliza siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Jumamosi akarudi na suruali ileile. "Mama, pindo limefumuka." Mshono wangu ufumuke! Sare nilizoshona mimi watoto wanarithishana mpaka kitambaa kinachoka, uzi bado uko palepale. Nikasema labda kaunasa kwenye msumari. Lakini mtu anayerudi mara mbili kwa pindo moja hajaja kwa pindo. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Na binti yetu hajambo?" Umesikia? Binti yetu! Nikamwambia ana shughuli nyingi mwezi huu. Kama ni wako, mwambie aache kuharibu suruali, apite mlango wa mbele. Kama si wako, nitajie nimchunguze kama ana mke.

Jingine. Bahasha yako ilikuwa imekunjamana kwenye gundi. Nilimuuliza Kimya, "Umeifungua?" Akasema, "Hapana." Basi, hapana tu! Asiye na kosa angejitetea hata kidogo, angeapa, angetaja watoto wake. Namwangalia kwa jicho la pembeni.

Mama yako


Ofisini, Alhamisi, 11 Juni

Shikamoo, mama.

Huyo wa viatu simjui, na sina nafasi ya kumfikiria. Soma hii ukiwa umetulia.

Jana muuzaji wa kisanduku chekundu ameleta karatasi mpya. Ameongeza laini ya pili, ya kubandika kwa nje, "kwa ajili ya siku ya majaribio". Na juu ya karatasi ameandika hivi: kisanduku kisichokufa na mnara. Mama, hayo ni maneno yangu. Sijayasema mkutanini, sijayaandika kwenye ripoti.

Bosi akaniita. Akaweka karatasi ya muuzaji na daftari langu kando kwa kando, akaniuliza nani mwingine anajua. Mwenzangu wa meza ya mbele alikuwa amesimama mlangoni na kikombe, hanywi. Ndiye aliyekuwa akiitaka kazi hii kabla yangu. Siku zote ananiona nikiandika. Sasa nikienda kujaza maji naondoka na daftari kwapani, na yeye anaona kwamba naondoka nalo.

Majaribio ya tarehe 15 yamesimamishwa. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi nieleze maneno yangu yalifikaje kwa muuzaji. Nisipoeleza, watasema nimeyauza mwenyewe, na mtu anayeuza siri za zabuni haachishwi kazi hii tu, haajiriwi na kampuni nyingine yoyote ya minara.

Ulisema bahasha ilikunjamana kwenye gundi. Ilikuwa imefunguka? Nijibu hilo tu. Na tafadhali, jina lako sitaki liingie humu.

Binti yako


Nyumbani, Ijumaa, 12 Juni

Mwanangu,

Ni Kimya! Mimi nilijua tangu alipoitazama gundi. Mtu anayezunguka minara yote, anayejua milango yote, hana rafiki, hana neno, atakosaje kuwa ndiye? Hao wauzaji wanamkuta kwenye vituo vya mafuta, wanamwambia lete barua tusome, anarudisha gundi kwa mate.

Lakini mimi si wa kukurupuka. Nimetega. Chini ya gundi ya bahasha hii nimelaza uzi mweupe wa nambari arobaini, mwembamba, hauonekani na mtu asiyeujua. Akifungua, uzi utakatika. Kabla hujafungua wewe, inua kwenye mwanga uutazame.

Nimempa kwa tabasamu. Nilikuwa nimeapa kunyamaza, naapa nilikuwa nimeapa. Lakini alipowasha gari, nikaona bahasha yangu pale juu ya dashibodi, damu ikanichemka. Nikamfuata mpaka getini mwa mnara, foleni ya bomba yote inatazama, nikapaza sauti, "Mwizi wa barua wewe! Mtoto wangu atafukuzwa kazi kwa ajili yako!" Akazima gari. Akanitazama hivi, akasema, "Mama, barua yako itafika." Akawasha tena. Wanawake wa foleni wakaniambia, umemkomesha.

Usilie. Mama yako yuko kazini.

Mama


Nyumbani, Ijumaa, 12 Juni

Kwa Bosi wa mwanangu,

Salamu nyingi na heshima. Hunijui, lakini mwanangu unamjua, ndiye yule fundi uliyempa kuchagua kisanduku cha minara, na nakupongeza kwa kuwa na macho.

Barua hii anakuletea muuguzi wa zahanati yetu, anayekuja huko kila Jumamosi kuchukua dawa, kwa sababu njia nyingine ina mwizi. Aliyetoa siri si mwanangu. Mwanangu aliniandikia mimi kila kitu kwa uaminifu, kebo, laini ya pili, tarehe, yote, kama mtoto mwema anavyomwandikia mama yake. Dereva wenu wa dizeli akafungua barua njiani. Nimemwona akitazama gundi kwa macho yangu haya mawili, na huku wote wanajua.

Kwa hiyo mshike huyo, mwachie mwanangu afanye kazi. Na kama una nguo ya kurekebishwa, mpe muuguzi. Bosi mkubwa hatakiwi kuvaa koti linalobana mabegani.

Mimi, mama wa fundi wako


Nyumbani kwangu, Jumatano, 17 Juni

Mama, kabla sijakusalimu nijibu: barua zangu unazisomea wapi?

Uzi wako nimeutazama kwenye mwanga. Ni mzima. Dereva aliniletea bahasha mwenyewe mpaka mezani, akaniwekea, akasema, "Mama yako amekasirika," akaondoka. Uliyemwita mwizi mbele ya watu alibeba barua yako kwa muda wa saa tano barabarani na hakuigusa.

Jumatatu bosi alisoma ile uliyompelekea. Dereva amesimamishwa. Na mimi pia. Kwa sababu aliponiuliza nani mwingine anajua, nilimwambia hakuna. Nilitaka kukuficha wewe. Sasa ana barua yako inayosema nilikuandikia yote, kebo, laini, tarehe. Kwa hiyo kwake mimi ni mwongo tayari, kilichobaki ni kuona kama ni mwizi pia.

Mwenzangu wa meza ya mbele alinisaidia kubeba vitu vyangu mpaka getini. Wiki nzima nimemtilia shaka, naye alikuwa anasimama mlangoni na kile kikombe akitaka kujua kama nahitaji mtu wa kunitetea.

Nimekaa chumbani nasoma barua zako tangu ya kwanza. Kuna benchi, mama. Kila barua ina watu.

Binti yako


Nyumbani, Ijumaa, 19 Juni

Mwanangu,

Ni mimi.

Naandika polepole nisije nikajitetea. Jana muuguzi, aliyekuwa ameitwa huko ghafla kwa ajili ya chanjo, aliniletea barua yako dukani. Benchi lilikuwa limejaa. Mke wa mwalimu akasema, "Soma, mama fundi, tumengoja wiki nzima!" Na mimi, kama kawaida yangu, nikavaa miwani, nikasafisha koo, nikasoma kwa sauti, "Mama, kabla sijakusalimu nijibu, barua zangu unazisomea wapi?"

Wote wakacheka. Muuza vitambaa akajibu, "Hapa! Mwambie hapa hapa!" Fundi viatu akapiga benchi kwa nyundo yake.

Mmoja hakucheka. Viatu Safi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amekuja mara ya tatu, na suruali yake iko mapajani mwangu na miwani iko machoni. Nikalitazama lile pindo. Uzi ukifumuka wenyewe unavutika, unatoa manyoya. Huu ulikuwa umekatwa sawasawa, mshono baada ya mshono, ncha kwa ncha. Ni wembe.

Nikamwuliza, "Umelikata mwenyewe?"

"Mama, kila mtu na kazi yake. Wewe unashona."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nauza mitambo."

"Ya rangi gani?"

Akatazama viatu vyake. Fundi viatu akaweka nyundo chini, mwanangu. Nikamkunjia suruali yake bila kuipinda, nikampa. Akaondoka nayo mkononi. Fundi viatu akamwambia, "Usisahau kupita na dirishani, kuna mengine hujayasikia." Hakuna aliyecheka tena.

Nilikwambia siri nimeifunga fundo. Nilikuwa nimeshaisoma mara tatu, mara zote mbele ya watu, mara ya pili huyo mtu akiwepo. Nilifika pale ulipoandika libaki kati yetu, nikalisoma na hilo, tena kwa kunong'ona ili linoge. Sikuona kama natoa siri. Niliona kama navaa nguo mpya. Miaka yote nimeinamia cherehani watu wakizungumza habari za watoto wao juu ya kichwa changu, na hii ilikuwa zamu yangu. Sisemi hivyo unionee huruma. Nasema hivyo kwa sababu umeniuliza wapi, na jibu ni kwenye benchi.

Kibao nimekishusha leo asubuhi. Mashimo ya misumari yanaonekana, na yaonekane.

Nimemwandikia bosi wako barua nyingine, muuguzi anaondoka nayo kesho. Safari hii sikuisomea mtu. Nimemwandikia kwamba ulidanganya mara moja, kunificha mimi, na kwamba nilikuwa sistahili kufichwa.

Mama


Ofisini, Jumatatu, 22 Juni

Kwa Mama wa Fundi,

Barua yako ya pili imenipa kazi ngumu kuliko ya kwanza, lakini nimeielewa haraka zaidi.

Uamuzi wetu ni huu. Binti yako anarudi kazini leo. Amepewa onyo la maandishi kwa kunijibu uongo, nami nimemwambia ana kwa ana kwamba ningekuwa yeye huenda ningejibu vilevile. Muuzaji wa kisanduku chekundu hakuvunja sheria kwa kupeleka suruali kushonwa. Hata hivyo nimemwandikia barua yake, na haikuwa ya salamu.

Kwa kuwa siri haipo tena, tutapima bila siri. Hili ni wazo la binti yako. Wauzaji wote watatu wamepewa masharti yaleyale. Njia ya pili lazima iwe ndani ya kisanduku tangu kiwandani, si ya kubandikwa nje. Vitafungwa kwenye mnara wenu Jumamosi hii mbele ya kila mtu, na kila kimoja kitaunganishwa na taa yake nje ya kibanda. Mnara utaamshwa asubuhi hiyo, kisha kebo itachomolewa. Binti yako atakuwa hapa ofisini, na saa nne na nusu ataviagiza vyote viwashe taa. Anayetaka kujua kipi kimeitika atatazama taa.

Tunahitaji mtu wa kuchomoa kebo ambaye wauzaji wote wanamwamini. Niliwauliza mmoja mmoja. Wote walimtaja dereva wa dizeli, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akisema habari za mtu. Nimemwomba radhi na kumrudisha kazini. Amekubali njia zote isipokuwa ya kwenu. Sikumuuliza sababu.

Hilo liko mikononi mwako, si mwangu. Asipopatikana, muuzaji yeyote atakayeshindwa atasema kebo ilichomolewa na mtu wetu kwa upendeleo, na binti yako ataanza upya kutuhumiwa.

Koti langu linabana kweli. Nitakuja nalo.

Mkuu wa Idara ya Minara


Nyumbani, Jumatano, 24 Juni

Kaka dereva,

Sikuiba mimi, wala hukuiba wewe. Nilimwaga. Nimeanza na hilo usije ukaikunja barua kabla ya kufika chini.

Jina la Kimya nilikupa mimi, bila kukuuliza. Huku hakuna anayejua lako, nami nimeona haya kumuuliza mtu mwingine wakati mwenyewe upo. Utaniambia ukipenda. Barua hii muuguzi amekubali kuifikisha safari ya katikati ya wiki, kwa ajili yako tu, na nimeifunga kwa gundi ya kawaida, bila uzi.

Nilikupigia kelele getini mbele ya foleni ya bomba. Jana asubuhi nikaenda foleni ileile, ndoo mkononi, na zamu yangu ilipofika sikukinga maji. Nikageuka nikasema, "Yule dereva niliyemwita mwizi hakufungua barua. Aliyezitoa nje ni mimi, kwa mdomo wangu, dukani kwangu." Mmoja wa wale walioniambia nimekukomesha akasema, "Sisi tulijua tu." Hawakujua, kaka, wala wasikudanganye. Mwingine akauliza, "Sasa dizeli italetwa na nani?" Mke wa mwalimu akaniambia, "Hebu kinga maji, mama, ndoo nyingine zinangoja." Basi ndivyo ilivyokuwa. Sikupewa kiti, wala sikukitaka.

Wewe ulisema, "Mama, barua yako itafika." Nimeyageuza maneno hayo wiki nzima. Mimi ningekuwa wewe ningeitupa bondeni. Wewe uliifikisha mpaka mezani kwa mwanangu, na kama usingeifikisha na uzi wake mzima, mpaka leo ningekuwa nakutukana na mwanangu yuko nyumbani bila kazi. Siku uliyoniuliza kwa macho tu kwa nini, mimi nilihesabu ule ukimya wako kuwa hatia. Nimezoea watu wanaoongea. Najua sasa ni nani kati yetu wawili aliyekuwa wa kuogopwa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Umeona barua zangu zinavyofanya. Njoo nikuombe kwa mdomo, palepale getini, mbele ya walewale, na mdomo huu safari hii utakuwa na kazi ya maana.

Bosi wenu anakuja. Wauzaji watatu wanakuja, hata yule wa viatu, na nimeshawaambia watu wa benchi wamwache akae. Muuguzi ameahirisha safari yake ya Jumamosi, na atafunga zahanati kwa saa moja. Mwalimu analeta darasa zima litazame taa. Baba mdogo wa mwanangu atakuja, ingawa anasema haji. Mwenyewe mwanangu hatakuwepo. Atakuwa mezani kwake, mbali, na hiyo ndiyo kazi yenyewe, kutokuwepo na bado kuitikiwa. Sijui taa ipi itawaka. Bosi hakuitaja katika barua yake, na nasikia mwanangu pia amekataa kubashiri. Ni kebo moja tu inayongoja, na mkono wa kuichomoa ambao hakuna wa kuutilia shaka.

Usije kwa ajili yangu. Njoo kwa ajili yake, yeye hakukuita jina lolote. Ukifika usiponijibu nitaelewa, na ukinijibu neno moja kama kawaida yako litanitosha.

Mimi, fundi cherehani wa karibu na bomba

Nisisahau siku: ni Jumamosi hii, tarehe 27 Juni, saa nne kamili asubuhi, getini mwa mnara, na wote tutakuwa tumekwisha kufika.